Wale watu wa darubini Central Park asubuhi wanatazama nini hasa?

BintiPangani

Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo.

Nipo New York, namtunza mzee mmoja Upper West Side, zamu ya usiku. Natoka saa moja asubuhi, na siku hizi badala ya kushuka moja kwa moja kwenye treni nakatiza Central Park ninyooshe miguu. Tangu Aprili ilipoingia, kila nikipita karibu na lile ziwa la mashua nawakuta watu wamesimama makundi makundi, shingo juu, darubini machoni, kimya. Juzi nikamsogelea mama mmoja, nikamuuliza kuna nini. Akaninong'oneza jina la ndege na kunionyesha tawi. Majani matupu. Akasema hapo hapo. Nikatazama tena hapo hapo, majani matupu. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Sasa naomba kuelimishwa. Hawa ndege wanatoka wapi, na nini kinawaleta katikati ya mji wa vyuma kama huu? Nyumbani nimekua nikiwaona mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya za umeme, halafu siku moja hawapo. Ndio hao? Halafu darubini ya kuanzia ni ipi, maana niliyoiona dukani bei yake ni kodi ya chumba. Na la mwisho, hili nijibuni bila kunizunguka: mtu mweusi, peke yake, asubuhi, ndani ya vile vichaka, ameshika darubini. Niingie au nibaki kwenye benchi?

Msukuma_BX

Dada, New York kuna ndege wa aina mbili, njiwa na panya. Nenda kalale, umekesha.

MwanaKibokoni

Marahaba mwanangu. Huyo wa Bronx msamehe, anaishi mlangoni pa Van Cortlandt Park na nina hakika hajawahi kuingia.

Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa. Sasa niko Harlem, nimestaafu teksi. Na teksi ndiyo iliyoniingiza katika mambo haya: kila mwezi wa Mei nilikuwa napata abiria wa alfajiri, buti za matope, darubini kifuani, wote wanataka mtaa wa 81 na Central Park West. Siku moja nikaegesha gari nikamfuata mmoja kuona anakwenda wapi.

Nianze na upepo, kwa sababu ukishaujua upepo mengine ni mepesi. Baba yangu alikuwa baharia wa jahazi. Kaskazi ikivuma, vyombo vinashuka kutoka Arabuni. Kusi ikishika, vinarudi. Hakuna nahodha aliyepigana na upepo akaja kujisifu nao. Ndege hawa wana akili hiyo hiyo. Msimu wa machipuko unapoanza huku, wanapanda kaskazini kidogo kidogo, na kila hatua wanangoja kusi yao. Usiku ambao upepo unatoka kusini au kusini-magharibi na hewa ina joto kidogo, wanapaa kwa mamilioni. Ukigeuka ukatoka kaskazini, wanakaa walipo hata siku kadhaa. Kwa hiyo kabla hujauliza uende sehemu gani ya bustani, uliza usiku wa jana upepo ulitoka wapi.

Nimesema usiku, na sikukosea kuandika. Wengi wa hawa wadogo husafiri gizani. Wanaondoka muda mfupi baada ya jua kuzama, na saa mbili tatu baadaye anga imejaa, wewe uko chini unampa mgonjwa wako dawa. Usiku hewa imetulia na ina ubaridi wa kuwapoza, vipanga wamelala, na mchana unabaki wa kula. Njia wanaijua kwa nyota na kwa sumaku ya dunia. Kukikaribia kupambazuka wanatafuta pa kushuka. Basi jitie wewe ndiye uko juu ya Manhattan saa kumi na moja alfajiri: mto kushoto, mto kulia, chini zege na lami, na katikati kuna mstatili mmoja wa kijani, ekari 843. Utashuka wapi? Ndiyo siri yote ya Central Park. Ukienda mashambani huko kaskazini mwa jimbo ndege wapo, tena wengi, lakini wametawanyika msitu mzima. Hapa wamebanwa mahali pamoja, na zaidi ya aina 270 zimeshaonekana. Na ujue kwamba msitu wenyewe ni wa kupandwa. Olmsted na Vaux walipoichora bustani hii mwaka 1858 walikuwa wanawafikiria wakazi wa mji waliokosa pa kupumulia. Hata kile kijito cha Ramble, ile sehemu ya vichaka ndani ya bustani, maji yake yanatoka bombani. Ndege hana habari na hayo, anaona maji na majani, anashuka.

Wanatoka wapi? Si wa kwetu. Mbayuwayu wako wa Pangani wanarudi Ulaya na Asia. Hawa wa hapa wanatoka visiwa vya Karibi, Amerika ya Kati na Amerika Kusini. Mbayuwayu utawaona hapa pia, aina ile ile, mkia wa panda ule ule, isipokuwa tumbo la huyu wa Marekani limekolea rangi ya kutu zaidi, na wakati wa baridi yeye hukimbilia Amerika Kusini. Kwa hiyo mmoja ni wa kwenu na mwingine ni wa hapa, na hawajawahi kupeana hodi.

Waliomfanya yule mama anong'one ni wabla. Ni wadogo kuliko shomoro, gramu 8 hadi 12 hivi, wanakula wadudu, na dume akifika Mei amevaa nguo za harusi. Kuna mmoja anaitwa Blackburnian, koo lake la rangi ya chungwa linawaka hata asubuhi ya mawingu. Huyo ametoka milima ya Andes. Kuna mwenye mgongo wa bluu na koo jeusi, ametoka Kuba au Jamaika. Kuna magnolia, manjano yenye michirizi myeusi kifuani. Wengi wanaelekea misitu ya New England na Kanada kutaga, hapa wanapita kujaza mafuta tu. Ninayemheshimu kuliko wote hana hata rangi, ni mweusi na mweupe, kichwani kofia nyeusi. Vuli ikifika, kajitu hako ka gramu 12 kanaondoka pwani ya kaskazini-mashariki kanavuka Atlantiki bila kutua, siku mbili hadi tatu mfululizo, hadi visiwa vya Karibi au Amerika Kusini. Watu waliwabishia wanasayansi miaka mingi, mpaka ndege wachache wakafungwa vifaa vidogo mgongoni na mwaka 2015 majibu yakatoka. Machipuko hurudi kwa kupitia Florida, tena kwa kuchelewa. Ukianza kumsikia kila mti, sauti nyembamba kama ya mdudu, msimu unakaribia kufungwa.

Aprili ni utangulizi. Kilele ni wiki mbili za kwanza za Mei. Baada ya tarehe 25 hivi unabaki na wenyeji.

Sasa kwa nini hukuona kitu. Usimtafute ndege, tafuta kinachotikisika. Simama, acha macho yalegee, tazama mti mzima. Jani likicheza peke yake bila upepo, ganda hapo, kisha pandisha darubini usoni bila kuyaondoa macho pale. Wageni wote hufanya kinyume, wanainamisha kichwa kutazama darubini, wakiinua tena tawi limepotea. Na chagua mti. Mwanzoni mwa Mei mialoni inatoa maua, nyuzi za manjano-kijani zinazoning'inia, na humo mna viwavi wadogo wasiohesabika. Wabla wanafuata viwavi. Miti ya cheri ya mapambo, ile watu wanapigia picha, waachie hao wapiga picha. Mwaloni mmoja mzuri, nusu saa bila kuhama, utaona kuliko anayezunguka bustani nzima. Shingo itauma, hilo halina dawa. Ikikuzidi, nenda penye maji ya kina kifupi. Ndege waliosafiri usiku kucha wanataka kuoga, na hapo unawatazama kwa kuinamisha macho badala ya kuinua shingo.

Ukitoka zamu, ingia mlango wa mtaa wa 77, fuata njia hadi Oak Bridge, daraja dogo la mbao. Ukilivuka umeingia Ramble. Azalea Pond na Tupelo Meadow ndizo baraza za watu wa ndege, hapo hukosi mtu wa kumuuliza. Mimi mwenyewe napenda upande wa juu, lile bonde la Loch karibu na mtaa wa 103. Wenzangu watanigombeza lakini nitasema: Loch ina ndege karibu wale wale, watu robo, na maporomoko madogo ya maji. Ubaya wake ni huo huo wa maji, yanafunika sauti.

Darubini: tafuta iliyoandikwa 8x42. Nane ni mara inavyokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, ndio unaoingiza mwanga asubuhi. Mpya ya kutosheleza ni dola mia na kitu, iliyotumika chini ya hapo. Usidanganywe na zile za kukuza mara ishirini, mkono unatetemeka na ndege anageuka ukungu. Simu yako itie Merlin, programu ya bure ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell. Inasikiliza ndege na kukuandikia majina. Na wana ukurasa unaitwa BirdCast, unatumia rada za hali ya hewa kuonyesha usiku huu ndege wangapi wako angani juu ya mji wako. Nikishaswali isha ndicho ninachotazama, mke wangu hudhani nafuatilia siasa. Ila usimpigie ndege sauti yake kwenye simu ili ashuke. Amesafiri usiku kucha, ana njaa, wewe unamwita aje kupigana na adui asiyekuwepo.

La mwisho, uliloomba nisikuzunguke. Utasimuliwa tu, kwa hiyo nikwambie mimi. Tarehe 25 Mei 2020, ndani ya Ramble, Christian Cooper, mtu mweusi na mtazamaji ndege wa miaka mingi, alimwomba mwanamke mzungu amfunge mbwa wake kamba, kama sheria ya Ramble inavyotaka. Mwanamke akapiga simu polisi akidai mwanamume mweusi anatishia maisha yake. Video ikazunguka dunia. Ni siku ile ile George Floyd aliyouawa kule Minneapolis. Siku chache baadaye vijana weusi wapenda ndege walianzisha wiki yao nzima, nayo imekuwa ya kila mwaka. Na chama cha ndege cha mji huu, kilichokuwa na jina la Audubon, kimelivua, maana mwenye jina alimiliki watumwa. Tangu 2024 kinaitwa NYC Bird Alliance. Kwa hiyo mambo yamesogea. Je, wapo wanaotutazama kwanza sisi kabla ya kumtazama ndege? Wapo. Mimi hujibu kwa kusalimia kwa sauti: "Asubuhi njema, umepata nini?" Anayejua ndege atakujibu kwa ndege, na hapo ameshakuwa mwenzako. Mara za kwanza usiingie peke yako, si kwa rangi tu, vijia vya Ramble vinazunguka na unaweza kupotea ukiwa mita mia kutoka barabarani. Nenda na matembezi ya Bird Alliance, au ya chama cha Linnaean, wazee hao wapo tangu 1878.

Benchi waachie wanaosoma gazeti.

KaskaziKusi_Watamu

Mzee umenena, na hiyo hesabu ya upepo huku kwetu tunaiishi. Mimi natembeza wageni Mida Creek, hori la bahari hapa Watamu. Mwezi huu wa Aprili vitwitwi wetu, wale ndege wa ufukoni, wanabadilika mbele ya macho, kuna wale waliokuwa wa kijivu tangu Septemba, sasa kifua na tumbo vinakuwa vyekundu vya matofali, na wamenenepa mpaka ukiwaona wanakimbia unacheka. Wanaenda Siberia. Tsavo East nako kambu wa bluu wa Ulaya wanapita kwa mamia wakati kusi inaanza kushika.

Dada BintiPangani, nao wa kwetu wengi ni wa usiku. Pale Ngulia, Tsavo West, tangu 1969 watu wanawavisha ndege pete miguuni: Novemba na Desemba, ukungu ukitanda na taa za hoteli zikiwaka, ndege wa Ulaya na Asia wanashuka kama wamemwagwa. Ukija likizo nyumbani mwezi wa tatu, nenda bustani yoyote yenye miti mirefu, hata Arboretum ya Nairobi, asubuhi. Wale wadogo wa kijani-njano waliokaa kimya miezi yote wanaanza kuimba wiki za mwisho kabla ya kuondoka. Wanafanya mazoezi ya Ulaya huku kwetu, bure.

BawabuMidtown

Naongeza moja ambalo mzee hakuligusa. Mimi ni bawabu kwenye jengo la ofisi, vioo juu mpaka chini. Asubuhi za upepo huo huo anaousifia, mimi ndiye ninayewaokota. Ndege anaona mti ndani ya kioo, au anaona mbingu, anaingia. Taa za usiku zinawavuta mjini na kioo cha asubuhi kinawamaliza. Bird Alliance wanakadiria kati ya 90,000 na 230,000 wanakufa hivyo kila mwaka katika mji huu peke yake. Majengo mapya siku hizi yana sheria ya kuweka kioo ambacho ndege anakiona, hadi futi 75 kwenda juu. Letu ni la zamani, halihusiki, na nikiwauliza wakubwa wanacheka.

Dada, kwa kuwa unatembea saa hizo: ukimkuta amekaa chini anapepesa macho, hajafa, amepigwa na butwaa. Mchukue taratibu, mtie kwenye mfuko wa karatasi, ukunje juu. Usimpe maji, usimpe chakula, usichungulie kila dakika. Kuna hospitali ya ndege wa porini, Wild Bird Fund, iko Columbus Avenue karibu na mtaa wa 87, jirani na kazini kwako. Mimi niliwapelekea mmoja wa manjano mwenye mkufu mweusi shingoni, nikaandikishwa jina kama mzazi.

Msukuma_BX

Bawabu, hilo la mwisho limenigusa, natubu ya njiwa na panya. Ila mzee, hebu tuambie ukweli: wewe umewahi kuona yule adimu adimu, au ni kutazama majani tu miaka yote?

MwanaKibokoni

Adimu? Mei 2018 wabla wa Kirtland alitua Central Park. Huyo karibu wote duniani wanataga Michigan, kwenye misonobari michanga, na kuna wakati walibaki madume wasiofika mia mbili. Simu zikalia mji mzima, watu wakatoka maofisini na tai zao. Mimi nilikuwa na abiria wa uwanja wa ndege, JFK. Na bado nasema, kukimbizana na matangazo ya simu ni kuharibu asubuhi. Unafika umechelewa, unamkuta ndege mmoja na watu hamsini, unatazama visogo.

Bawabu, asante. Hilo la vioo ni kweli na linaniuma.

BintiPangani

Wakubwa, nawashukuru. Mama mmoja wa kanisani ameniazima darubini ya marehemu mumewe, imeandikwa 8x40, naona inakaribia.

Nimeingia leo kwa daraja lile la mbao. Nimesimama chini ya mwaloni kama nilivyoagizwa. Dakika za mwanzo nilikuwa najisikia mjinga kweli. Halafu jani likacheza. Nimemwona mwanzo mwisho: mweusi wa kung'aa, ubavuni na kwenye bawa mabaka ya chungwa, na mkiani pia. Hatulii. Anaruka tawi hadi tawi, anaufungua mkia wote, anaufunga, anaufungua. Tumbo jeupe. Karibu yake kulikuwa na mwingine anafanya vituko vile vile vya mkia ila ni wa kijivu na manjano. Merlin haikusema kitu, helikopta ilikuwa inapita. Ni nani hawa? Na ni aina mbili au moja?

MwanaKibokoni

Moja, dume na jike. Wenyeji wanamwita redstart, na ni wabla kama wengine. Mkia ule anaufungua kuwashtua wadudu. Mdudu akiona rangi imemulika anaruka, naye anamdaka hewani. Huyo anaweza kuwa ametoka Jamaika, Kuba au mbali zaidi kusini. Wa kijivu na manjano pia anaweza kuwa dume kijana wa mwaka mmoja, bado hajapata suti nyeusi, kwa hiyo ukimsikia anaimba usimwite mama.

8x40 inatosha kabisa. Geuza ile pete ya kioo cha jicho la kulia, funga la kushoto, urekebishe mara moja mpaka uone kwa ukali. Watu wengi huazimwa darubini wakaona ukungu kwa sababu macho ya mwenyewe si yao.

Upepo wa leo na kesho ni wa kaskazini, usijisumbue, kalale. Alhamisi usiku utabiri unaonyesha kusini-magharibi na mvua ya alfajiri. Mvua ya alfajiri inawashusha chini kabisa, hadi usawa wa macho. Nitakuwa Oak Bridge Ijumaa kuanzia saa kumi na mbili na nusu, kofia ya kijani, ndevu nyeupe. Ukitoka kazini saa moja njoo moja kwa moja, na vaa viatu vya kulowa. Msukuma nawe ukija, treni ya B au C, shuka 81.